Mpango wa Nusu Mkate

Shangazi yangu anajua nani katika mtaa wetu anakula nusu mkate. Hakuambiwa na mtu, amehesabu. Anajua kwamba mlinzi wa ghala la mbao hununua nusu anapoingia zamu. Anajua kwamba mwalimu wetu wa hesabu hununua mkate mzima hadi tarehe kumi na saba, na kuanzia tarehe kumi na nane anageuka kuwa mtu wa nusu. Anajua kwamba mzee na mkewe wanaoishi juu ya duka la vioo hununua nusu mwezi mzima, si kwa sababu ya umaskini, bali kwa sababu meno yao wote wawili ukiyajumlisha hayatoshi kumaliza mkate. Hilo la meno kalisema yeye, mimi simo.

Naandika habari zake kwa sababu mtaani kisa chake kinasimuliwa kichwa chini miguu juu. Wanasema Bi Kalamu, ndiye huyo shangazi yangu, aliwauza wenye maduka. Si kweli. Aliyeuzwa ni yeye, na nilikuwepo, na aliyemuuza ninaishi naye nyumba moja, tena ndiye anayenilipia ada ya shule. Ni baba yangu.

Nianze na kazi yake. Bekari yetu iko nyuma ya nyumba: chumba kirefu chenye matanuri mawili, meza ya kukandia iliyobonyea katikati kwa miaka mingi ya viganja, na stoo ya unga ambayo ukipiga chafya ndani yake unatoka na mvi. Aliijenga Babu. Alipofariki ikaenda kwa Baba, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mwanamume. Shangazi, mdogo wake, alikuwa na miaka kumi na tisa, naye akapewa kreti. Sifanyi mzaha. Alipewa kreti za mikate asambaze madukani, na amesambaza miaka ishirini na minne. Maduka sitini na moja. Alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku la bati mbele, na kalamu aliyoichomeka kwenye nywele kama kitana. Ndiyo maana wenye maduka wakamwita Bi Kalamu.

Wasambazaji wa bekari nyingine hutua mikate, huchukua hela, hao wanaondoka. Shangazi hakuwa hivyo. Akifika dukani aliegemea kaunta dakika kumi nzima, kama mtu aliyesahau alichofuata. Alikuwa anaangalia nani kaingia, kaomba nini, kaondoka na nini, na nani kaondoka bila kitu. Halafu anachomoa kalamu. Likizo moja nilifuatana naye kwa sababu nyumbani nilichoka kutazama ukuta, na hapo ndipo nilipoona kile alichokuwa anakiona.

Tulikuwa duka la kona, kwa Sina-Chenji. Huyu ni mwanamume mnene, mkarimu, ambaye tangu nizaliwe hajawahi kuwa na chenji. Ukimdai anakupa peremende. Akaingia kijana mmoja wa chuo, akaomba nusu mkate. Sina-Chenji akachukua kisu kilekile alichotoka kukatia mche wa sabuni, akakipangusa kwenye suruali, akapasua mkate katikati.

"Mzee, hicho si cha sabuni?"

"Ndiyo unawe mpaka tumboni," Sina-Chenji akasema. "Lete sita."

"Mzima si kumi? Nusu inakuwaje sita?"

"Na kukata je? Mkono wangu utakula nini?"

Kijana akalipa, akaondoka anainusa nusu yake. Shangazi alicheka hadi akajishika mbavu. Sina-Chenji naye akacheka, kisha akasogea, akapunguza sauti.

"Bi Kalamu, nakwambia wewe kwa kuwa ni mtu wangu. Hapo ndipo ninapopumulia. Mkate mzima hauniachii hata nauli. Sita na sita, angalau. Ila usinitangaze."

"Nikutangaze kwa redio gani?" Shangazi akamjibu. "Na nusu ya pili isipopata mwenyewe?"

"Inalala. Asubuhi hata paka anairuka, anaendelea na safari zake."

Tulipotoka nje Shangazi akasimama karibu na baiskeli, akaandika muda mrefu. Nikachungulia. Alikuwa ameandika: *Nusu: mnunuzi analipa zaidi, inanuka sabuni. Muuzaji anapata kidogo, ya pili inamkaukia. Wote wawili hawana raha na wote wawili hawana njia nyingine.*

Miezi mitano alihesabu nusu katika maduka yote sitini na moja. Siku moja wakati wa chakula cha jioni akamwambia Baba, "Kaka, tuoke mkate mdogo. Nusu ya huu, lakini mkate kamili, umefungwa kwenye karatasi yake."

"Mkate mdogo ni mkate uliokosewa hamira," Baba akasema, akacheka peke yake.

"Kuna watu wengi wanaoishi peke yao kuliko unavyofikiri."

"Waoe."

Mama akamkata jicho, naye Baba akainua mikono. "Haya, haya. Sikiliza dada yangu. Usiniletee maneno ya kaunta, niletee mpango. Wa maandishi. Ukiniletea mpango unaosimama, mkate huo ni wako. Jina utaupa wewe, utausimamia wewe, na faida yake tunagawana sawa kwa sawa."

"Nimesikia," Mama akasema. "Mimi shahidi."

"Shahidi wa nini, kwani niko mahakamani?"

Tukacheka wote isipokuwa Shangazi. Yeye aliweka kijiko chini taratibu. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na katika bekari ile hapakuwa na kitu hata kimoja ambacho mtu alikuwa amewahi kumwambia ni chake. Hata aproni aliyovaa ilikuwa na herufi za jina la Babu.

Akanunua daftari la jalada gumu. Chumba chake kiko kando ya stoo ya unga, kitanda, meza, na dirisha linalotazama kamba za nguo, na mimi nilikuwa nakwenda kufanyia kazi za shule hapo kwa sababu yeye haulizi maswali. Ila mimi nauliza. Nilimuuliza mkate tu unahitaji kurasa arobaini za nini.

"Kuoka hakuhitaji hata moja," akasema. "Ni kuuza."

Kila ukurasa ulikuwa na swali juu. *Nani anakula nusu? Kuanzia tarehe ngapi? Anapata tabu gani? Tuanze na duka lipi, na kwa nini si lile la pili?* Majibu yote yalikuwa na hesabu pembeni, hakuna hata moja lililosema "nadhani". Na ukurasa wa mwisho, kwa kalamu nyekundu, ulisema: *Nani atakasirika?*

"Hili hatujafundishwa," nikamwambia. "Kwenye somo la biashara kuna wateja na kuna washindani. Watu wa kukasirika hawamo."

"Mwalimu wako amewahi kuuza nini?"

"Labda tiketi za mechi ya shule."

"Basi msamehe." Akanigeuzia daftari. "Kitu kipya ukikipeleka sokoni, kuna mtu kinamnyang'anya tonge. Mtafute yeye kabla hajakutafuta wewe. Mkate mdogo ukiuzwa tano, Sina-Chenji anapoteza ile mbili yake ya kukata. Unadhani atauweka wapi?"

"Kwenye rafu?"

"Chini ya kaunta, jirani na sumu ya panya. Na mtu akiuliza atasema umekwisha."

Kwa hiyo mpango wake wote, ukiutazama vizuri, ulikuwa umesimama juu ya wenye maduka. Wauziwe kwa bei inayowaachia pumzi ileile. Bei isichapwe kwenye karatasi, kila mtu auze anavyojua mtaa wake. Usionunuliwa urudishwe bekari, wasibaki na mzigo. Tuanze na maduka matatu tu, tarehe ishirini, mifuko ya watu inapoanza kukonda, tuangalie mwezi mmoja, ndipo tuongeze. Na mstari wa mwisho kabisa aliupigia mistari miwili chini: *Kisu cha sabuni tusikitaje kamwe, mahali popote. Ni aibu yao na waliniamini.*

Jina aliloupa mkate lilikuwa Tosha. Nilimwambia ni zuri. Akalitamka mara mbili tatu, kama mtu anayeonja chumvi.

Wiki aliyomaliza, simu ikaja kwamba Bibi, mama yao, ameteleza bafuni na amevunjika nyonga. Bibi anaishi mji mwingine, safari ya siku nzima. Baba akasema angekwenda yeye, ila tanuri la pili linasumbua. Shangazi akafunga begi. Kabla hajatoka alimkabidhi Baba daftari kwa mikono miwili.

"Kaka, lisome hadi mwisho. Hasa mwisho. Nikirudi tuanze na yale maduka matatu."

"Nenda kwa amani, dada yangu. Mpango uko mikono salama."

Niliyasikia hayo kwa masikio yangu mawili.

Wiki ya tatu, nikirudi shule, nikakuta maboksi sebuleni yamefika hadi kwenye swichi ya taa. Baba alikuwa anafungua moja kwa kisu, uso unang'aa kama wa mtu aliyefaulu mtihani. Karatasi za mkate, maelfu. Zimeandikwa TOSHA kwa herufi nene. Chini yake picha ya Baba amevaa kofia ndefu nyeupe ya mpishi, kofia ambayo hapa nyumbani sijawahi kuiona. Na chini ya kidevu chake, kwa wino mwekundu, kubwa kama namba ya gari: BEI 5.

"Wifi anajua?" Mama akauliza.

"Ni mshangao. Akirudi akute mtoto ameshatembea." Kisha akaongeza, kwa sauti nyingine, "Wale wa bekari ya ng'ambo ya reli nao nasikia wananusanusa mkate mdogo. Nikimngoja mtu anayeuguza, watatuwahi."

Mama akarudi jikoni. Mimi ndiye niliyeruka kwa furaha. Nilikaa sakafuni nikasaidia kutenganisha karatasi zilizogandana, huku nikiwaza uso wa Shangazi atakapoona.

Tarehe mbili, wakati watu wana mishahara na wananunua mikate mizima miwiliwili, Baba alipeleka Tosha katika maduka yote sitini na moja kwa siku moja. Akakodi pikapu yenye vipaza sauti. Ilizunguka mitaa yote tangu asubuhi hadi saa kumi, na sauti ya mtu aliyelipwa ilikuwa inaimba: "Tosha! Tosha! Nusu safi, haijakatwa kwa kisu cha sabuni! Mwenye duka asikuibie moja ya kukatia! Lipa tano tu!"

Ilipopita mbele ya shule yetu darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilijua kisu chenyewe. Sitaki kulificha hilo.

Shangazi alirudi wiki ya tano, Ijumaa alasiri. Nilikwenda kumpokea kituoni, nikambebea begi, na njia nzima nikajiuma ulimi nisiseme. Tulipofika duka la kona nikamwambia, "Shangazi, fumba macho." Akafumba, anatabasamu, amechoka. Nikaingia. Kwenye rafu Tosha haukuwepo. Mke wa Sina-Chenji aliinama, akautoa mmoja kutoka chini ya kaunta, akaniwekea bila kunitazama. Nikautia mikononi mwa Shangazi.

"Fumbua."

Alisoma jina, na tabasamu likawa kubwa, lile la mtu aliyeona mtoto wake kwenye gwaride. Halafu macho yakashuka kwenye kofia. Halafu yakashuka kwenye bei.

"Nani amechapa hii?"

"Baba! Ni mshangao!"

"Maduka mangapi?"

"Yote!"

"Tarehe ngapi?"

"Mbili. Na kulikuwa na gari la matangazo, Shangazi, ungelisikia!"

"Lilisema nini?"

Nikamwimbia. Yote, kwa mahadhi yaleyale, na mkono nikapunga kama yule mtu wa kwenye pikapu. Nilipofika kwenye kisu sauti yangu ikaanza kufifia yenyewe, kwa sababu alikuwa amekaa juu ya kreti tupu ya soda pale mlangoni na amefunika mdomo. Mpango wote nilikuwa nimeusoma. Ukurasa mwekundu nilielezwa mimi mwenyewe. Sijui ni kwa nini nilihitaji kumwona amekaa vile ndipo unirudie kichwani.

Sina-Chenji akatokea kutoka nyuma ya duka.

"Karibu, mteja," akasema.

Miaka yote ile hajawahi kumwita mteja.

"Ndugu yangu, ndiyo kwanza nafika," Shangazi akasema. "Nilikuwa namuuguza mama. Begi lile pale."

"Begi naliona. Na redio nimeisikia."

"Si mimi niliyesema."

"Watu wamekuja hapa kukagua kisu changu, Bi Kalamu. Watoto wananiita Baba Sabuni. Jirani yangu anaulizwa na wateja amewaibia ngapi tangu mwaka juzi. Sasa niambie, humu ndani nani mwingine alikuwa anakitazama hiki kisu?" Hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali apandishe. "Miaka ishirini umeegemea hapa. Kumbe mimi nadhani unapumzika."

Shangazi akatoa pochi. Akalipia ule mkate. Sina-Chenji akahesabu, akamrudishia chenji kamili, sarafu moja moja, juu ya kaunta.

Nyumbani Baba alikuwa sebuleni na Mama, wanakunywa chai. Kreti za Tosha zilizorudishwa zilikuwa zimepangwa ukutani hadi dirishani. Maduka kumi na manne yalikuwa yamekataa hata mkate mkubwa.

"Eh, umefika! Mama anaendeleaje?"

"Anatembea na fimbo. Kaka, daftari langu ulilisoma hadi mwisho?"

"Nilisoma panapohusu mkate."

"Mwisho ndio uliohusu mkate."

"Pale penye kalamu nyekundu? Nilidhani umeandika hasira zako tu." Baba alicheka kidogo, akamtazama Mama amsaidie kucheka. "Dada, hawa watu walikuwa wanatunyonya. Moja kwa kila nusu! Nimewatetea wateja wetu."

"Umewatetea kwa siri niliyopewa mimi."

"Sikujua ni siri. Iliandikwa."

"Ilipigiwa mistari miwili." Shangazi bado alikuwa amesimama, na viatu vya safari miguuni. "Mkate ni wa nani?"

"Wa familia. Hilo nalo la kuuliza?"

"Ulisema wangu."

"Nilisema tutazungumza."

Hapo nikashindwa kujizuia. "Baba, ulisema! Ulisema jina ataupa yeye, na atausimamia yeye, na mtagawana. Mama alisema ni shahidi."

"Wewe nenda kafanye hesabu zako."

Nikamtazama Mama. Tukamtazama wote watatu. Mama akainuka, akaanza kukusanya vikombe, na vilikuwa bado vina chai.

Nadhani Shangazi aliumia zaidi pale kwenye vikombe kuliko kwenye ile kofia ya mpishi. Alimtazama wifi yake hadi akaingia jikoni. Kisha akasema, polepole, "Mpango nilikupa nyumba nzima, Kaka. Wewe umebeba paa, ukaacha kuta." Akaenda chumbani kwake.

Wiki mbili zilizofuata alisambaza mikate mikubwa kama kawaida, ila hakuegemea tena. Wenye maduka walipokea wakiwa wamesimama kati yake na kaunta. Bekari ya ng'ambo ya reli, ambayo kwa kweli haikuwa na mkate mdogo wowote, ilipeleka mikate yake mikubwa katika yale maduka kumi na manne na ikapokelewa kwa vifijo. Tosha ukageuka chakula cha kuku wa jirani. Tukala wa kuchoma, wa kukaanga, wa kulowesha, hadi mdogo wangu wa mwisho akauliza kama siku ya kuzaliwa nayo tutakula Tosha.

Jumapili moja Baba akamwita Shangazi sebuleni. Alikuwa mpole, ule upole wa mtu aliyeishiwa.

"Nimefikiri. Ulikuwa na haki. Mkate uchukue, ni wako. Jina, karatasi, kila kitu. Wewe hawa watu wanakusikiliza, wapitie, waambie waurudishe kwenye rafu."

"Ulipokuwa hai ulikuwa wa familia," Shangazi akasema. "Umekufa, sasa mimi ndiye mfiwa?"

"Usiwe hivyo."

"Nitauchukua. Kwa sharti moja, na si la pesa. Twende mimi na wewe, duka kwa duka. Useme mwenyewe: yale maneno ya kwenye gari yalikuwa yangu, dada yangu hakuwepo. Tunaanzia kwa Sina-Chenji. Dakika mbili."

Baba akamtazama kama aliyeambiwa atembee uchi. "Mimi, mwenye bekari, nikamwombe radhi muuza peremende?"

"Ndiyo."

"Waambie wewe. Si ni watu wako?"

"Walikuwa."

"Basi haiwezekani."

Shangazi akainuka. Alilichukua daftari lake, ambalo lilikuwa limewekwa chini ya mguu mmoja wa runinga kuisawazisha. Akatoka nje, akaiegesha baiskeli ya kreti ukutani, akaifunga kufuli, akampa Mama ufunguo. Mama aliupokea na akalia. Shangazi hakulia. Akamwambia, "Wifi, ungesema tu neno moja." Siku ya tatu akahama.

Sasa anafanya kazi katika ghala la jumla linalouza madaftari na kalamu, na amepanga chumba mtaa wa tatu kutoka kwetu. Saa kumi akitoka kazini huwa anakwenda kwa miguu duka moja tu kwa siku. Habebi kitu cha kuuza. Nilimfuata mara moja kwa Mama Pacha, ambaye ana duka karibu na zahanati, nikamsikia. Hakumtaja Baba kwa ubaya. Alisema: "Yale mliyoniambia niliyaandika. Nikayaweka mahali yakachukuliwa. Kuandika ni kosa langu, kuyatangaza si langu. Nimekuja mlisikie kwangu."

Mama Pacha alikuwa anapima sukari, akaendelea kupima. Mwishowe akasema, "Na wewe, mtu mzima, unampaje kaka yako daftari?"

"Kwa sababu ni kaka yangu."

"Haya, hilo ndilo jibu la kijinga na ndilo la kweli." Akamsogezea kigoda. "Kaa."

Duka kwa duka, kwa siku moja moja. Nilipomuuliza kwa nini asiitishe mkutano wa wote akamaliza, alinitazama kama nimesema Tosha uuzwe tarehe mbili. Kufikia leo amepita maduka thelathini na nane. Ishirini na moja yamemkaribisha kigoda. Kwa Sina-Chenji amekwenda mara tatu, na mara zote tatu amepewa chenji kamili.

Mkate mdogo hakuna anayeuoka. Karatasi zilizobaki tunafungia vitu. Juzi, tukiwa mezani, Baba akaniuliza huku akipaka siagi, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Shangazi yako bado ana lile daftari? Hebu muulize ule ukurasa wa mwisho alimaliziaje. Ile sehemu ya wenye maduka."

Nilikwenda nikamuuliza. Alikuwa anafua. Akasuuza shati, akalikamua, akalitundika, ndipo akajibu.

"Mwambie aje aulize mwenyewe. Na apitie kwa Sina-Chenji kwanza, ni njiani."

Nikarudi, na wakati wa chakula cha jioni nikamwambia Baba, neno kwa neno.

"Kasema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akaguna, akaomba chumvi.

Kutoka mlangoni kwetu hadi duka la kona ni hatua mia mbili na kumi, nimezihesabu. Jioni Baba huvaa viatu, hutoka hadi kwenye geti, husimama hapo mikono nyuma akitazama upande ule, na mimi dirishani nasema moyoni leo, leo. Kisha husikia mlango wa tanuri, au husema amesikia, na hurudi ndani.